Othello Hakuwa Zuzu

Mwandishi aliyedai kwamba Othello, jemadari katika tamthilia ya Othello, ni zuzu aliyejitakia kudanganywa amemtazama mtu mmoja tu jukwaani. Iago, afisa wake mdanganyifu, hakumlaghai jemadari huyo peke yake. Alimlewesha Cassio, luteni wa Othello, hadi akavuliwa cheo, na Cassio huyohuyo akamkimbilia kwa ushauri! Roderigo, aliyemtamani Desdemona, mke wa Othello, alikamuliwa fedha na vito. Desdemona naye, saa chache kabla ya kuuawa, alimwomba Iago amsaidie kupatana na mumewe. Nao wote ni mazuzu? Iago alipodai kwamba Desdemona si mwaminifu, Othello alidai ushahidi, akaonyeshwa leso ya marehemu mama yake aliyompa Desdemona, yenye tarizi za stroberi, mikononi mwa Cassio. Lawama ninayoikubali ni moja: Emilia, mtumishi wa Desdemona, alimwapia Othello kwamba Desdemona hana hatia, naye akampuuza.