Kondoo Anapokwama Kuzaa Nyacheki

Mashamba ya Nyacheki, kaunti ya Kisii, ni madogo. Kondoo hufungwa kamba kando ya migomba, na akishikwa na uchungu usiku, wapo wanaomwachia Mungu. Kukicha, wanaweza kuzika wawili.

Balaa hilo huenda lilianza siku 147 hivi nyuma, dume alipochaguliwa. Dorper, aina iliyotokea Afrika Kusini, hukua haraka na hupendwa sokoni. Lakini dume mkubwa akimpanda jike mdogo wa kienyeji, hasa wa mimba ya kwanza, mtoto anaweza kuizidi njia. Mwana akiwa peke yake tumboni huwa mkubwa kuliko pacha. Pacha nao wana vituko vyao: hugombania mlango, miguu ikapishana.

Chakula nacho kina lake. Jike aliyenenepa mno huzaa kwa taabu. Aliyekonda hukosa nguvu ya kusukuma.

Kosa baya kuliko yote ni kuvuta ovyo. Kwa kawaida hutangulia miguu miwili ya mbele, pua ikilala juu yake. Kichwa kikiwa kimegeukia nyuma, kuvuta kwa nguvu kunaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Jike akisukuma saa nzima bila mafanikio, aitwe daktari wa mifugo. Ataitwa vipi saa nane za usiku? Huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Basi kila wodi ipewe mtaalamu wa zamu ya usiku, na nambari yake ya simu ibandikwe sokoni.