BENGAMISA: TANSIYO HAINGOJI BARABARA

Ndugu vijana wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Kisangani na Lubunga,

Diploma tuko nazo, kazi hatuna. Lakini macho tuko nayo, na hili hatutalinyamazia.

Kutoka hapa mupaka Bengamisa ni karibu kilometa 50, barabara ya Buta. Kule wazee wetu Bamanga wanabeba tansiyo na ugonjwa wa sukari bila kujua. Siku moja mzee anaanguka shambani, mdomo unapinda, mkono na mguu vinalegea upande mmoja. Jamaa wanasema ni ulozi. Wanauza mbuzi, wanamupandisha ku motari. Akifika mjini, munganga anapima: tansiyo iko juu sana, na hakuna mutu aliyewahi kumupima!

Musituambie eti kijiji ni mbali. Dawa ya onko, ule upofu wa mto, inafika mupaka mlangoni. Nani anaipeleka? Jirani. Anapima urefu wako na fimbo, anahesabu vinini, anaandika jina ndani ya daftari. Hakusomea udaktari. Walimufundisha, wakamupa vifaa, basi.

Sasa jirani huyo ashindwe nini kupima tansiyo? Mashine unaifunga ku mkono, namba inatoka yenyewe. Ikipita kiasi, anatuma mgonjwa kwa munganga. Munganga akiisha kuandika dawa, jirani anafuata kila mwezi kama mzee anakunywa. Tansiyo si malaria: dawa yake haikunywi siku tatu ikaisha. Ni ya maisha.

Watasema feza hakuna. Ni kweli, dawa ya onko kampuni Merck inaitoa bure tangu 1987. Ya tansiyo, lazima Serkali inunue. Lakini Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya, na haikusema ni ya watu wa mjini tu. Na Abuja, mwaka 2001, wakubwa wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Tunawakumbusha.

Tunadai mambo tatu:
1. Mashine ya tansiyo na ya sukari ndani ya kila kijiji.
2. Dawa zisikatike ku santere.
3. RECO, yule jirani, alipwe. Kazi ya bure sisi tunaijua vizuri.

Na wewe unayesoma: pigia bibi yako simu leo. Muulize nani alimupima tansiyo mara ya mwisho. Jibu lake, pelekea deputé wako.