Mgonjwa wa saratani ya titi asiachiwe subira peke yake

Mwanamke anapogundulika kuwa na saratani ya titi, neno analolisikia mara nyingi kutoka kwa ndugu na majirani ni "subiri". Ni neno la haki, nasi Waislamu tumeamrishwa subira. Ila subira ya mgonjwa haiwaondolei jamaa zake wajibu. Twamhimiza asubiri, kisha twamwachia jiko, ndoo za maji na watoto.

Dawa za saratani zinazopitishwa mshipani, ambazo wengi hupewa kila baada ya majuma matatu, huziandama seli zinazokua upesi, zikiwamo zilizo nzima. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka, kwa kawaida baada ya wiki mbili au tatu tangu dozi ya kwanza, kinywa hutoka vidonda na chakula humkinaisha. Iko dawa nyekundu ambayo hugeuza rangi ya mkojo kwa siku moja au mbili; asiyeambiwa mapema hudhani anatokwa na damu. Katika siku hizo harufu ya kitunguu kinachokaangwa, hata ya ubani, huweza kumtapisha, basi chetezo nacho kipumzike. Apewe chakula chepesi, kidogo kidogo. Lakini joto la mwili likifika nyuzi 38, asimezeshwe vidonge vya maumivu na kungojewa asubuhi: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani kinga yake imeshuka.

Aliyeondolewa tezi za kwapani mkono wake huweza kuvimba, hata baada ya miaka. Mazoezi mepesi aliyofundishwa ayafanye. Kutwanga na kubeba ndoo kwa mkono ule wafanye wengine. Anayetoka Mtwara akapangiwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, huhudhuria siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Nani atabaki na wanawe? Swali hilo lijibiwe na ukoo kabla hajapanda basi.

Katika ibada, sharia imekwisha kumhurumia. Aya ya 185 ya Suratul Baqara yampa mgonjwa ruksa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na ambaye maji yanamdhuru hutayamamu. Wapo wanaofunga kwa siri na kuacha vidonge vyao. Sioni uchaji Mungu katika kuikataa ruksa ya Mola.

Yaliyo mazito zaidi hayasemwi hospitalini. Buibui na mtandio humstiri mwanamke barabarani, lakini chumbani, mbele ya mumewe, hana pa kujificha. Nywele zile na kifua kile vilikuwa pambo lake kwa mtu mmoja tu, naye sasa anamchungulia usoni ajue kama bado anatakiwa. Mume akinyamaza kwa haya, mkewe huusoma ukimya ule kuwa ni talaka inayokuja. Basi aseme, tena aseme mapema. Afuatane naye kliniki, amuulize daktari yale ambayo mkewe anaona aibu kuyauliza, ajifunze kufunga kidonda.

Kidonda kikishapona, fundi cherehani wa kike huweza kushona mfuko ndani ya sidiria na kuujaza pamba laini, ukalingana na upande wa pili. Mume na aende dukani, akainunue pamba hiyo yeye mwenyewe.