Umeme: asiye na wa kuchagua ndiye analipa zaidi

Vijana wa Masisi na Walikale, ninyi mulioko nyumbani na ninyi mulioko Goma, Bukavu ao Kisangani,

Mjini Goma watu wanaulizana: kampuni gani ya umeme iko na bei nafuu, na je, tuhame? Ni swali zuri, na ni jipya. Kabla halijaweza kuulizwa, kulikuwa SNEL peke yake, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1970. Umeme ukiwaka, asante. Ukikosa, unatafuta mshumaa. Halafu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungua mlango kwa wauzaji wengine. Virunga Energies ikaleta umeme wa maji kutoka Matebe, kule Rutshuru, kituo kilichozinduliwa Desemba 2015. Mwaka 2020 Nuru ikawasha kituo cha jua cha megawati 1.3 pale Ndosho. Leo mkaaji wa Goma anaweza walau kulinganisha.

Tukipanda Masisi, tukishuka Walikale, swali linageuka. Huko familia nyingi hazijawahi kuona mita wala nguzo. Utamuhama nani, wakati hakuna aliyekuja?

Lakini tusidanganyane kwamba sisi hatulipi umeme. Tunaulipa kila juma, na kwa bei kali kuliko mtu wa mjini. Tunaulipa kidogo kidogo, kwenye kibanda cha kuchaji telefoni, kwenye pile za toroshi, kwenye mafuta ya jenereta ya jirani. Na juu tunalipa kidogo kidogo, hatupige hesabu.

Tuipige leo. Betri ya telefoni ya kawaida, ile ya miliampea-saa 5,000, inabeba karibu wati-saa 19. Kuko inayopotea njiani, basi tuseme 25. Kilowati-saa 1, kipimo ambacho kampuni zinauzia, ni wati-saa 1,000. Inajaza telefoni 40. Sasa weka bei ya kwenu. Kama kibanda kinaomba franka 500 kwa kila telefoni, 40 mara 500 ni franka 20,000 kwa kilowati-saa 1. Hiyo inapita dola 6. Mjini Goma kilowati-saa 1 haifiki hata dola 1.

Telefoni moja inayochajiwa mara 4 kwa juma inakula franka 104,000 kwa mwaka. Nyumba yenye telefoni 3 inatoa franka 312,000. Hatujahesabu taa, hatujahesabu redio. Na tukumbuke, coltan ya Rubaya inatoa tantalum inayoingia ndani ya hizo telefoni dunia nzima. Anayeichimba analipa kuichaji kwa bei hiyo.

Mwenye kibanda haiko adui. Naye alinunua paneli ao mafuta, alipitisha mzigo kwenye barabara mbovu, alilipa kwenye kila bariyere. Ubaya ni kwamba yuko peke yake, na sisi tunakuja kwake mmoja mmoja.

Makala ni vile vile. Anayenunua kwa kopo analipa zaidi kuliko anayenunua mfuko mzima, lakini bei ya mfuko mzima haipatikani siku moja mkononi mwa mama anayeuza mboga. Umaskini unalazimisha kununua kidogo, na kununua kidogo kunaongeza umaskini.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila nyumba iandike kwa mwezi mmoja inachotoa kwa kuchaji, pile, mafuta na makala. Daftari ya mtoto wa shule inatosha. Ile hesabu ndiyo silaha yetu siku kampuni ao kiongozi atakuja kutuambia kwamba watu wa Masisi hawana uwezo wa kulipa umeme. Tunalipa tayari.

Pili, tuungane. Likelemba tunaijua tangu zamani, wazazi wetu wamenunua kwayo mabati na mbuzi. Paneli ya wati 50 ikipata saa 4 za jua kali inatoa wati-saa 200. Tuondoe theluthi, juu ya mawingu na hasara, na Walikale ni nchi ya msitu na mvua mingi. Inabaki ya kuchaji telefoni 5 kwa siku. Kwa bei ya kibanda, hizo ni franka 2,500 kila siku zinazobaki ndani ya nyumba zenu. Ulizeni bei ya paneli na betri sokoni, mugawanye kwa nyumba 5, na mutaona ni miezi mingapi inahitajika kurudisha pesa. Mfuko wa makala nao munaweza kuununua pamoja na kuugawa, na mbabula yenye udongo ndani inashika moto muda mrefu kuliko ya bati tupu.

Tunajua jibu la wengi: "Ninunue paneli leo, kesho tukimbie?" Hatuwezi kulicheka. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024. Walikale-centre nayo ilitekwa Machi 2025, mbele wapiganaji waondoke Aprili. Juu ya ile, chagueni paneli ambayo mtu mmoja anaweza kubeba mgongoni, na muandikishane nani anaibeba siku ya mbio. Vita pia ilitufundisha kingine: Januari 2025 mapigano yalipokata laini inayoleta umeme Goma, mji ulibaki gizani na maji yakakosekana, juu pampu zilisimama. Kutegemea muzaji mmoja na waya mmoja ni hatari hata kwa mwenye pesa.

Tatu, tudai. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Hakisemi "kwa watu wa mji." Mito Lowa na Oso inapita kwetu usiku na mchana. Ziwa Kivu lina gazi: upande wa Rwanda, KivuWatt inatoa nayo umeme wa megawati 26. Upande wetu, zabuni zilizotangazwa mwaka 2022 hazijawasha hata taa moja nyumbani kwa mama.

Kwa hiyo tunaomba serikali ya taifa, na yeyote anayekusanya kodi Masisi na Walikale, akiwa na cheo ao na bunduki: anayechukua kodi ya raia anadaiwa huduma ya raia. Bariyere ziache kutoza paneli, betri na chupa za gazi. Vituo vidogo vya maji na vya jua vipewe ruhusa bila rushwa.

Na siku kampuni itafika, tusiipokee na ngoma tu. Tuulize: kilowati-saa 1 ni bei gani, imeandikwa wapi? Kuungwa kwenye waya ni pesa ngapi? Mita yangu naweza kuisoma mimi mwenyewe? Malalamiko yanapelekwa kwa nani? Na nikipata mwingine wa bei nafuu, naruhusiwa kuhama? Kampuni isipewe Masisi nzima peke yake kwa miaka mingi bila masharti. Tulishaishi na muzaji mmoja, na tunajua ilivyokuwa.

Ninyi vijana wa mjini, munaolinganisha bei leo: hiyo nafasi munayo, itumieni, musilipe ghali bure. Lakini pesa munayookoa, sehemu yake itumeni kwenye likelemba ya nyumbani. Mjomba wako kule Nyabiondo anakupigia simu kwa betri aliyoilipa mara nyingi kuliko wewe.

Umeme ni haki, haiko zawadi. Tuhesabu, tuungane, tudai.