Jeshi Lilikagua Meno ya Baba, ya Mtoto Yatakaguliwa na Nani?

Kama umewahi kwenda kujaribu bahati siku ya kusajili makurutu wa KDF, unajua mambo huwa vipi. Unakimbia, unapimwa urefu na kilo, halafu ofisa anakwambia fungua mdomo. Anachungulia meno yako kama mnunuzi wa ng'ombe soko la Chwele, na mwenye pengo anaomba Mungu kimoyomoyo. Jeshi linajua jambo ambalo sisi raia hupuuza: anayeumwa na jino halali, na asiyelala hawezi kulinda mtu.

Poa. Sasa tuseme kijana wa Sirisia amepita. Amefunzwa Eldoret, amepata kazi, ameoa, ana watoto wawili, ametumwa Somalia. Meno yake yana daktari. Je, yale ya mtoto aliyemwacha Sirisia yana nani?

Msimamo wangu ni huu: meno ya familia ya askari aliye ng'ambo ni sehemu ya deni tunalodaiwa na askari huyo. Na deni hili halilipwi kwa kupiga saluti.

Wenzetu wamelifikiria mapema. Mwanajeshi wa Marekani akipelekwa Ramstein kule Ujerumani au Okinawa kule Japani, mara nyingi huenda na mke na watoto. Familia hizo zina mpango wa bima ya meno ulio kando na matibabu mengine, unaoitwa TRICARE Dental Program. Familia inayojiunga hulipa asilimia 40 ya ada ya kila mwezi, serikali inaweka 60, na bima inawafuata hata ng'ambo. Huna haja ya kwenda mbali. Nanyuki hapa, wanajeshi wa Uingereza walio kwenye kikosi cha kudumu cha BATUK huishi na familia zao.

Kwetu ni kinyume. KDF ilivuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011. Mwaka uliofuata ikaingia AMISOM, 2022 ikawa ATMIS, na Januari 2025 ikawa AUSSOM. Majina yanabadilika lakini mpango wa nyumbani ni ule ule: askari anaenda, familia inabaki. Baadhi hubaki kwenye nyumba za kambini, lakini wengi hurudi ushago kwa kukhu, kwa sababu shamba liko huko na kodi hakuna.

Usinielewe vibaya. Mke na watoto wa askari aliye kazini wana haki ya kutibiwa kwenye hospitali za jeshi. Shida ni ramani. Hospitali kuu ya jeshi, Forces Memorial, iko Nairobi. Kambi kubwa iliyo karibu na Sirisia ni Moi Barracks, Eldoret, zaidi ya kilomita 100 ukipitia Bungoma na Webuye. Mama ana mtoto anayelia usiku, ana ng'ombe wa kukamuliwa asubuhi na mwingine mchanga mgongoni. Anapiga hesabu: boda hadi barabarani, matatu hadi Bungoma, matatu nyingine hadi Eldoret, chakula, na kurudi. Hesabu ikikataa, anatafuta karafuu, au dawa ya maumivu ya shilingi kumi dukani, na mtoto analala.

Lakini lile jino halilali.

Hapa ndipo wewe unaingia, wewe unayesoma hii ukiwa Umoja, Kayole au Kitale mjini. Bro wako yuko kambini Somalia na simu yake haipatikani kila siku. Kwa hivyo shemeji anakupigia wewe. "Shemeji, mtoto amefura shavu." Unatuma 500 kwa M-Pesa, unajiona umesaidia, unarudi kwa shughuli zako. Wiki mbili baadaye simu ni ile ile. Pesa zako zimenunua usiku mbili tatu za usingizi, basi.

Mimi chuo niliacha katikati, na wala haikuwa cha meno, lakini jambo hili halitaki digrii. Bakteria walio mdomoni hula sukari kisha hutoa asidi. Asidi inatoboa gamba gumu la jino polepole. Shimo likiwa dogo, linazibwa na mambo yanaisha. Likifika kwa mshipa, ndipo mtoto analia usiku. Usaha ukijaa, shavu linafura. Shavu likifura na mtoto akawa na homa, hiyo si ya kungojea mwisho wa mwezi. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na hii ngoma ya "ni meno ya utoto, yatang'oka tu" tuiache. Meno ya utoto ni 20, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya yale ya ukubwani. Tena gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto. Likioza, hakuna lingine linalokuja.

Sirisia ni nchi ya miwa na chai yenye sukari ya kutosha. Sisemi watu waache. Nasema mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floridi, mtu mzima asimamie mtoto, na usiku baada ya mswaki ni maji tu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopimwa ana jino lililooza, na mtu mzima mmoja kati ya watatu. Hili si jambo la familia za askari peke yao. Tofauti ni kwamba familia hizi tumeziambia zitatunzwa.

Kwa hivyo tudai nini? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalotaka ndege ya kivita.

La kwanza, jeshi lilipie matibabu ya meno pale familia inapoishi. Mama aende hospitali ya kaunti iliyo karibu, mtoto azibwe jino, bili iende kwa jeshi. Haki ambayo huwezi kuifikia kwa nauli uliyo nayo ni karatasi tu.

La pili, ukikaribia 14 Oktoba, KDF Day, jeshi huandaa kambi za matibabu ya bure sehemu mbalimbali. Safi sana. Walete na kiti cha meno, na wafike Malakisi, Lwandanyi na Namwela, kule makurutu wenyewe wanakotoka. Na wazibe, wasing'oe tu.

La tatu ni la kaunti. Kenya ina maafisa wa afya ya kinywa wa jamii waliosomea kazi hiyo, na kutoboka kwa meno ya watoto ndiyo kazi yao. Waajiriwe na wafike shuleni. Muulize MCA wako: hospitali yetu ndogo ina kiti cha meno? Kinafanya kazi? Vifaa vya kuziba vipo, au ni koleo tu? Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya, na haijasema kuanzia shingoni kwenda chini.

Na wewe, shemeji akipiga leo, uliza jambo moja kabla ya kutuma pesa: "Mtoto ameonwa na mtu wa meno?" Kama bado, tuma nauli ya hospitali na uulizie kesho yake kama walifika. Bro akipata network, mwambie jino limezibwa. Ana mengine ya kuwaza huko aliko.