Gugu Maji na Kasuku Mdogo: Nani wa Kulaumiwa?



Mzazi mmoja hapa Ngagara alitujia na swali. Mwanawe anataka anunuliwe jozi ya cherero, wale kasuku wadogo wa kijani, na muuzaji hawezi kusema wametoka wapi. Je, anunue?

Tulimjibu kwa kisa cha gugu maji. Asili yake ni bonde la Amazon, Amerika ya Kusini, na huko wapo wadudu wanaolila likabaki na adabu. Watu walipenda maua yake ya zambarau, wakalibeba kupamba mabwawa ya bustani, nalo likatoroka. Ziwa Viktoria lilivamiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera, unaopokea maji ya Ruvubu yetu, ukazidi kulishusha huko. Kwenye maji ya joto yenye uchafu wa mijini huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Mitumbwi hukwama, samaki hukosa hewa. (Nasi tunaomwaga taka kwenye mitaro iendayo Tanganyika tusijione tumesalimika.)

Cherero wa uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu kwao ni kaskazini mwa Tanzania. Naye aliponzwa na uzuri. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi mno duniani, akapungua kwao, hata Tanzania ikasimamisha biashara hiyo mwaka 1992. Basi gugu lilihamishwa likazidi ugenini, ndege akahamishwa akapungukiwa nyumbani. Kosa la mmea ni lipi hapo, na la ndege ni lipi?

Kufuga ndege hatukatazi. Abu Umayr, mdogo wake Anas, alikuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) alimtania kwacho. Lakini kununua ndege asiyejulikana alikotolewa ni kumlipa mtegaji arudi porini. Na anayesema "nitanunua kisha nimwachie huru" atazame Naivasha, Kenya: cherero walioachiwa huko wamezaana na wenzao wa shingo ya manjano, na machotara wamejaa, kando ya ziwa ambalo nalo limeingiliwa na gugu maji.

Tulimshauri asinunue. Mtoto amenuna, hatufichi. Jumapili baba yake atampeleka Rusizi akaone ndege wa huko.