WATU NA KAZI ZAO: Tingatinga, mchoraji wa rangi ya baiskeli

Ukisikia neno tingatinga unafikiri nini? Wengi wetu tunafikiri mashine. Ni ile mashine kubwa inayosukuma udongo na kung'oa visiki barabara inapotengenezwa. Mwezi huu siandiki habari za mashine. Naandika habari za mtu. Jina lake lilikuwa Edward Saidi Tingatinga. Kazi yake ilikuwa kuchora picha.

Sababu ya kumwandika ni hii. Nilikuwa Sitalike, pale karibu na Hifadhi ya Katavi. Jua lilikuwa kali. Nikaomba kupumzika kwenye kibaraza cha mzee mmoja. Ukutani mwa nyumba yake niliona kiboko. Alichorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Kinywa chake kilikuwa wazi, na meno yake mawili ya chini yalikuwa marefu kama mipini ya majembe.

Nikauliza, "Mzee, nani kachora kiboko huyu?"

Mzee akasema, "Ni huyu kijana wangu. Kila siku namwambia aache. Mama yake anakandika ukuta, yeye anauchafua. Bwana mwandishi, hebu mwambie wewe. Kiboko wa ukutani analiwa?"

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia chini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Mimi sikumjibu mzee mara moja. Kiboko yule alikuwa mzuri. Wakazi wa Sitalike wanawaona viboko kila kiangazi. Maji ya mto Katuma yakipungua, wanyama hao hurundikana kwenye vidimbwi, mgongo kwa mgongo. Kijana yule alikuwa amewaangalia vizuri.

Nikaomba maji ya kunywa. Kisha nikawasimulia habari za Tingatinga. Nawasimulia na ninyi.

Tingatinga alizaliwa kusini, wilaya ya Tunduru, karibu na mpaka wa Msumbiji. Ilikuwa yapata mwaka 1932. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Alisoma shule miaka michache tu. Alipokuwa kijana, miaka ya 1950, aliondoka kwao kutafuta kazi. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Vijana wengi wa wakati ule walifanya hivyo. Wazee wa Mpanda wanajua habari hizo, kwa maana hata kutoka huku kwetu watu walikwenda kukata mkonge.

Baadaye akaenda Dar es Salaam. Huko alifanya kazi nyingi za mikono. Alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu. Hakuna mtu aliyemfundisha kuchora darasani.

Alianza kuchora mwaka 1968. Alikuwa mtu mzima, mwenye miaka zaidi ya thelathini. Inasemekana aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, naye akajiambia kuwa hata yeye anaweza. Wengine wanasema uchoraji ule una mizizi kwao kusini, ambako watu walipamba kuta za nyumba zao kwa picha. Mimi naona mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi. Hapo ndipo penye utamu.

Wachoraji waliosoma hutumia rangi za mafuta za bei kubwa na turubai maalumu. Tingatinga hakuwa na fedha za kununua vitu hivyo. Alikwenda dukani akanunua rangi ya kawaida, ile ya kung'aa. Ni rangi ya kupaka baiskeli, milango na madirisha. Badala ya turubai alichukua mbao nyembamba ngumu, zile zinazopigiliwa kwenye dari. Alizikata vipande vya mraba, kama futi mbili kwa futi mbili. Basi. Vyombo vyake vyote vya kazi vilitoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Rangi hiyo ina tabia zake. Inang'aa. Mvua haiifuti. Lakini hukauka polepole, na ukipaka rangi ya pili juu ya rangi mbichi zinachanganyika na kuharibika. Kwa hiyo mchoraji lazima awe na subira. Kwanza anapaka rangi moja ubao mzima, labda ya njano. Anauacha ukauke. Kisha anachora mnyama na kumjaza rangi. Anauacha tena. Mwisho anaweka madoa, macho na kucha kwa ncha ya brashi. Mtu mwenye haraka hawezi kazi hii.

Picha zake mwenyewe zilikuwa nyepesi kutazama. Mara nyingi mnyama ni mmoja tu, katikati ya ubao. Chui, au twiga, au ndege, au fisi. Nyuma yake hakuna mambo mengi. Pengine mti mmoja, pengine majani machache. Jicho la mnyama ni kubwa na linakuangalia. Chui wake si chui wa kweli kama wa kwenye kitabu cha shule. Ni chui wa hadithi, chui anayeweza kusema.

Picha aliziuza Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores. Wageni wengi walikaa upande ule wa mji. Walitoka dukani na mikate yao, wakaona mbao zile zinang'aa juani, wakanunua. Watalii nao wakazipenda, kwa sababu ubao wa futi mbili unaingia kwenye sanduku la safari.

Miaka hiyohiyo ya 1960, huko Marekani kulikuwa na mchoraji jina lake Andy Warhol. Mwaka 1962 alionyesha picha 32 za makopo ya supu. Makopo tu, yale ya dukani. Watu walibishana sana kama hiyo ni sanaa. Uchoraji huo wa vitu anavyovijua kila mtu, kwa rangi kali za kuvutia, uliitwa sanaa ya pop. Sidhani kama Tingatinga alipata kusikia habari za Warhol. Mmoja alichora kopo la dukani. Mwingine alichukua kopo la rangi dukani akachorea chui. Warhol alitajirika. Tingatinga aliuza bei ndogo na kuendelea kuishi maisha ya kawaida.

Hata hivyo picha zilinunuliwa kuliko alivyoweza kuzichora peke yake. Akawaita jamaa zake na vijana wa kwao kusini. Akawafundisha. Kati yao walikuwa Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Abdallah Ajaba. Alifundisha kama fundi seremala anavyofundisha: kaa hapa, tazama, jaza rangi hii, sasa jaribu mwenyewe.

Halafu ikaja mwaka 1972. Hapa hadithi ni chungu, nami sipendi kuirefusha. Usiku mmoja jijini Dar es Salaam polisi walidhani wamekutana na wezi. Wakafyatua risasi. Aliyepigwa alikuwa Tingatinga. Hakuwa mwizi. Alikufa akiwa na miaka arobaini hivi. Kazi yake ya kuchora ilidumu miaka minne tu.

Mzee wa Sitalike aliposikia hapo alitikisa kichwa. "Miaka minne," akasema. "Hata mwembe hauzai."

Nikamwambia, huu ulizaa. Wanafunzi wake waliendelea kukaa pale nje ya duka na kuchora. Waliongeza mambo yao. Wengine walijaza ubao wanyama wengi mpaka hakuna nafasi tupu. Wengine walichora kijiji, soko, hospitali, mganga na wagonjwa wake. Wengine walichora mashetani. Simon Mpata alikwenda Kenya, na picha zake zilipendwa sana Japani. Hata hoteli moja huko Masai Mara imepewa jina lake. Mwaka 1990 wachoraji wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao cha ushirika chenye jina la Tingatinga. Leo jina hilo si la mtu tu. Ni jina la namna ya kuchora. Nenda Zanzibar, nenda Arusha, utaona tembo na twiga wa rangi nyingi wamepangwa barabarani. Muulize muuzaji, atakujibu, "Hizi ni tingatinga."

Lakini kuna jambo ambalo mimi silipendi, na nitalisema. Wachoraji wengi siku hizi wanaigana. Mmoja akichora twiga watatu chini ya mlima Kilimanjaro na picha ikauzwa, wiki ijayo kuna twiga watatu kila mahali. Mnunuzi anaona zote ni moja, basi anashusha bei. Ni kama kijiji kizima kulima nyanya kwa wakati mmoja. Tingatinga hakumwiga jirani.

Na wizi wa jina nao upo. Tingatinga alikuwa na desturi ya kuandika jina lake kwenye picha. Shule yake ilikuwa ya miaka michache, lakini jina lake aliliandika mwenyewe kwa brashi. Picha zake za kweli ni chache, maana miaka minne si mingi. Alipokwisha kufa zikawa na thamani, na huko Ulaya zimeuzwa mnadani kwa fedha nyingi. Basi wajanja wakachora picha zao na kuandika jina lake chini. Mnunuzi anayejua kazi hutazama kwanza herufi zile. Kisha hutazama ubao na rangi, kama ni za zamani. Yale maandishi madogo ya pembeni, ambayo mwenyewe aliyaweka bila shaka kwa dakika moja, yamekuwa ushahidi.

Mzee alikaa kimya. Halafu akauliza swali la maana kuliko yote. "Fedha hizo za Ulaya, yeye alizipata?"

Nikasema, hapana. Yeye alipata zile za nje ya duka tu.

"Umeona?" mzee akamgeukia kijana. "Sikukatazi kuchora. Ninaogopa uache jembe kwa ajili ya kitu ambacho faida yake watakula wengine."

Kijana akasema kwa sauti ndogo, "Baba, yeye naye hakuacha kazi zake. Alichora huku anafanya kazi nyingine."

Sikuwa nimewaambia hivyo waziwazi. Kijana alikuwa amesikiliza kuliko nilivyodhani. Nami namuunga mkono mzee kwa upande mmoja. Picha haziuzwi kila siku, hasa huku kwetu. Watalii wa Katavi ni wachache kuliko wa Serengeti. Lakini tazameni mjini Mpanda. Kila kinyozi ana bango. Kila duka la nyama lina ng'ombe aliyechorwa ukutani. Kuna mtu analipwa kwa kazi hiyo. Na ng'ombe wengine nimewaona, wanafanana na mbuzi mgonjwa.

Wakati wa kuondoka, kijana alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza kama rangi ya baiskeli inapatikana Mpanda. Nikamwambia inapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Aanze na makopo madogo matatu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mbao aombe vipande vilivyobaki kwa fundi anayepiga dari. Brashi aoshe kwa mafuta ya taa kila anapomaliza, la sivyo itakauka na kuwa kijiti.

Mzee alikuwa bado kwenye kibaraza. Alipaza sauti kwamba tutazungumza habari za makopo baada ya kuvuna mpunga. Na kiboko wa ukutani asifutwe kwanza.